Mgonjwa wa methadoni aliyekamatwa na kete moja: uchambuzi wa kisa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandaliwa kwa ajili ya maofisa ustawi wa jamii, waelimishaji rika, wauguzi wa kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na askari wanaokaa kaunta za vituo vya polisi. Mji, vituo, tarehe na jina vimeondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mhusika yamebadilishwa. Tutamwita Sudi. Yeye na mama yake waliridhia kisa kisimuliwe, mama akiweka sharti moja: wizi wa mtungi wake wa gesi usifichwe.

Swali la kama uraibu ni jinai au ugonjwa huwa tunalijadili kama vile jibu lake liko bungeni. Kwa Sudi jibu lilitolewa kwenye kaunta ya polisi karibu na saa sita usiku, likatolewa na askari aliyechoka, mbele ya ndugu mwenye hasira.

Historia ya mhusika

Sudi alikuwa na miaka 31, mzaliwa wa mji wa pwani ya Tanzania. Bangi aliianza akiwa kidato cha pili. Akaacha shule, akawa mpiga debe stendi, na huko ndiko alikoijua kokteli, yaani msokoto wa bangi ulionyunyiziwa unga (heroini). Kwa miaka kadhaa alivuta tu. Alianza kujidunga pale kete moja, kipakiti kidogo cha unga, ilipoacha kumtosha kwa moshi. Ikipita mshipani, kete ileile humshika mtu zaidi, na kwa anayeishi kwa chenji za stendi hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Alishakamatwa mara nyingi kabla ya tukio tunalolizungumzia, karibu zote kwa uzururaji. Mara nyingine alilala kituoni akaachiwa asubuhi, mara nyingine alikaa mahabusu wiki kadhaa. Jalada lake halionyeshi hata mara moja ambapo kukamatwa kulimfikisha kwa mtoa huduma yeyote wa afya. Familia nayo ilimpeleka nyumba ya upataji nafuu, soba kama wenyewe wanavyoiita, mara mbili, kwa ada ya kila mwezi iliyomaliza akiba ya mama na ya kaka mkubwa. Kote alitoka msafi, kote akarudi maskani, kijiwe cha watumiaji.

Kilichomshika ni methadoni. Kwa asiyeijua: ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kila siku mbele ya muuguzi, na dozi ikiwa sahihi humwondolea mtu arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa unga, bila kumlewesha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu huduma ilianzia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Februari 2011, kisha ikafika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Ni bure. Gharama yake kwa mgonjwa ni miguu na nauli, kwa sababu kwa kawaida lazima afike kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Sudi alipandishwa taratibu hadi miligramu 80 akatulia. Kwa karibu mwaka mzima alikunywa dozi asubuhi, akaenda kuosha daladala, akarudi kulala nyumbani. Mama yake aliurudisha ufunguo wa mlango wa uani kwenye msumari wake, mahali ambapo haukuwa umetundikwa kwa miaka.

Mtiririko wa matukio

*Kikohozi.* Katika uchunguzi wa kawaida Sudi alikutwa na kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa kwenye kituo kingine cha afya, karibu na kwao, na huko hakuna aliyemwuliza anatumia nini kingine. Yeye naye hakusema. Anasema alichoka kuangaliwa kwa jicho lile. Moja ya dawa hizo ni rifampisini, ambayo hulifanya ini lichakate methadoni upesi kuliko kawaida. Mgonjwa aliyekuwa anatoshwa na miligramu 80 kwa saa 24 huanza kuhisi imekwisha kabla ya usiku kuingia.

Wiki ya pili haikuisha kabla ya dalili kumrudia: miayo, machozi, jasho la baridi, maumivu ya viungo usiku. Aliliambia dirisha la dawa kwamba "haishiki". Kwenye madirisha hayo sentensi hiyo husikika kila siku, na mara nyingi husemwa na mtu anayetaka tu kuongezewa. Akaambiwa avumilie. Alivumilia siku nne au tano.

*Mtungi.* Jumatano jioni aliuza mtungi mdogo wa gesi wa mama yake, akanunua kete. Kaka yake alipofika na kukuta jiko halina mtungi, alikwenda kwa mjumbe wa shina, mjumbe akawapigia vijana wa ulinzi shirikishi, nao wakawaita askari waliokuwa kwenye doria. Sudi walimkuta nyuma ya banda la mbao akiwa na kete moja ambayo hajaitumia na bomba la sindano.

*Kaunta.* Kaka alitoa maelezo ya wizi. Kwa hasira akaongeza, "Afande, huyu atakuwa anauza pia." Tusiipite haraka kauli hiyo. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kama ilivyorekebishwa 2017, biashara ya dawa hizi, hata ya kiasi kisicho kikubwa, inaweza kubeba kifungo cha miaka 30. Kupatikana na kiasi kidogo kwa matumizi yako ni kosa jingine kabisa, lenye adhabu ndogo kwa mbali. Askari wa zamu aliangalia kete moja, akaangalia mfuko usio na hela, akaandika kupatikana na dawa za kulevya. Kalamu ile ilimwokoa Sudi na kitu ambacho mpaka leo nadhani hajakielewa.

Lakini hakuna aliyemwuliza kama yuko kwenye matibabu. Kadi yake ya kliniki ilikuwa nyumbani. Sudi anasema alitaja methadoni, akajibiwa kwamba asilete habari za dawa wakati amekamatwa na dawa.

*Mahakamani.* Saa 24 zilipita. Ijumaa asubuhi alisomewa shtaka, upelelezi ukaelezwa kuwa haujakamilika kwa kuwa taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilikuwa inasubiriwa. Dhamana ilikuwa wazi: wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akakataa kuandika barua. Kwake Sudi alikuwa "teja sugu", na mtaa ulikuwa umeshalala usiku mmoja bila hofu. Kesi ikaahirishwa kwa wiki mbili, Sudi akapelekwa mahabusu.

*Gerezani.* Gereza lile halikuwa na huduma ya methadoni. Arosto ya methadoni huchelewa kuanza kuliko ya heroini, lakini ikija hukaa siku nyingi zaidi. Zahanati ya gereza ilimpa dawa ya maumivu na ya kuzuia kuharisha. Mama alikwenda na kadi mbili kwenye mfuko mmoja wa nailoni, ya kifua kikuu na ya methadoni. Ya kifua kikuu ilipokewa palepale, mhudumu akapiga simu kituo cha afya, na Sudi akaendelea na vidonge baada ya kukosa siku nne tu. Ya methadoni alirudishiwa.

*Ijumaa ya pili.* Kesi ilisikilizwa, Sudi akakiri, hakimu akamwachia kwa masharti. Aliondoka mahakamani alasiri. Dirisha la methadoni hufungwa mchana. Alikuwa amekosa dozi kumi na sita mfululizo.

Usiku huo alijidunga kiasi kilekile alichokuwa anakitumia zamani.

Maamuzi na sababu zake

*Kaka.* Nilipozungumza naye baadaye alisema jambo ambalo naona ndilo zito kuliko yote kwenye jalada hili: "Mimi sikumwita askari amfunge. Nilimwita ili usiku ule mama asimsikie." Mtu akiwa na hasira na ndugu yake saa tano usiku, ni namba gani nyingine angepiga? Kliniki imefungwa. Mwelimishaji rika ana simu ya binafsi isiyo na salio. Polisi peke yao ndio huduma iliyo wazi usiku, na anayeiita anapata kile ambacho huduma hiyo inajua kukifanya.

*Askari.* Angeweza kumpa dhamana ya polisi asubuhi. Sababu yake ya kutompa ni ya kibinadamu kabisa: mwezi mmoja nyuma aliwahi kumwachia mraibu, wananchi wakasema amekula hela. Kumpeleka mahakamani ndiyo njia isiyomletea maneno.

*Timu ya kliniki na shirika la jamii.* Utaratibu ulikuwa kumtafuta mgonjwa aliyekosa dozi tatu mfululizo. Kwa hiyo Jumamosi jina lake liliangukia kwenye orodha, na Jumatatu mwelimishaji rika akajua yuko wapi. Hapo timu ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupambana na dhamana kwa kumbembeleza mwenyekiti wa mtaa. Ya pili ni kuiacha dhamana na kuiandaa siku ya mahakama: barua ya daktari, kumbukumbu za mahudhurio, na kaka kuombwa akubali jambo la mtungi limalizwe kwa mjumbe. Walijaribu ya kwanza siku mbili, mwenyekiti akashikilia msimamo, wakahamia ya pili.

Daktari aliamua pia kuiandika barua bila kuficha kwamba Sudi alirudia unga. Wapo kwenye timu waliotaka aonekane msafi. Hoja ya daktari ilikuwa kwamba hakimu atakayegundua nusu ya ukweli hataiamini barua ya mgonjwa anayefuata. Barua ilieleza pia, kwa lugha nyepesi, jinsi rifampisini inavyoipunguza nguvu methadoni. Jambo hilo daktari alilijua tu pale mama alipomwonyesha ile kadi ya pili. Mpaka siku hiyo kliniki yake haikujua kwamba mgonjwa wao ana kifua kikuu.

*Hakimu.* Alisoma barua, akamwuliza mama maswali mawili matatu, akasikia kwamba kaka na Sudi wameandikiana kwa mjumbe, akatumia uwezo alio nao kisheria wa kumwachia mshtakiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Akamtaka aendelee na matibabu.

Matokeo

Sudi alizidiwa na dawa maskani Ijumaa ile usiku. Midomo ilibadilika rangi, akakoroma, kisha kukoroma kukakatika. Wenzake wawili walikimbia. Wa tatu, ambaye aliwahi kupita kwenye mafunzo ya waelimishaji rika, alimlaza ubavu, akamsafisha kinywa, akawa anampulizia pumzi huku akimpigia kelele mtu wa bodaboda. Kituo cha afya kilikuwa na naloksoni, dawa inayokata nguvu ya heroini mwilini. Alizinduka na kuwekwa chini ya uangalizi mpaka asubuhi, maana naloksoni huisha mwilini mapema na heroini inaweza kumrudisha mtu kulekule.

Jumatatu alirudi dirishani. Alitaka miligramu zake 80. Akaanzishiwa 30, kwa sababu mwili uliokaa siku nyingi bila dozi haubebi tena kiasi cha zamani. Palikuwa na maneno makali pale dirishani, na mlinzi akaitwa. Safari hii lakini daktari aliijua rifampisini, hivyo kila nyongeza ilipangwa na Sudi akaambiwa tarehe zake. Ilibidi afike miligramu 130 ndipo alale usiku mzima. Alipomaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu, dozi ikashushwa kwa hatua, kwa kuwa ini lililotulia lingeiacha methadoni ijikusanye na kumzidi.

Mtungi aliulipa kwa mafungu, kila Jumamosi, mbele ya mjumbe. Uliisha kulipwa ndani ya miezi mitatu.

Uchambuzi

*Kadi mbili kwenye mfuko mmoja.* Kwangu hapa ndipo penye somo. Mfumo uleule na geti lilelile viliona ugonjwa mmoja na kukataa kuuona mwingine. Hakuna afisa magereza anayesema kifua kikuu cha mahabusu kisubiri hukumu. Vidonge hutafutwa, kituo hupigiwa simu, siku zilizokosekana huhesabiwa. Na mambo haya hayakufanyika kwa sababu mhudumu yule ana huruma kuliko wengine. Yalifanyika kwa sababu kuna utaratibu, fomu na mtu wa kuulizwa mgonjwa akikosa dawa. Kwa methadoni havikuwepo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani tatizo ni "mtazamo wa jamii" na dawa yake ni semina. Mtazamo wa mhudumu yule haukuwa mbaya. Hakuwa na mahali pa kuipokelea ile kadi.

*Kliniki mbili zisizosemezana.* Kete iliyompeleka Sudi kizimbani ilianzia kwenye mwingiliano wa dawa mbili alizopewa na serikali bure. Tunapenda kusema mraibu ameamua. Kuuza mtungi aliamua, sawa. Lakini kipimo kisichotosha hakukiamua yeye, na alikwenda kukisema mahali palepale panapostahili. Neno "haishiki" lingefuatwa na swali moja tu, "umeanza dawa gani mpya?", huenda kisa kingeishia hapo.

*Utaratibu wa siku tatu.* Kwa mgonjwa anayekunywa dawa kila siku, kungoja siku tatu ndipo atafutwe ni kumwachia polisi nafasi yote. Mtu aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Timu inayoanza kutafuta siku ya tatu itamkuta upande wa pili wa geti, ambako mambo yote ni magumu zaidi.

*Saa ya kuachiwa.* Hatari ya kuzidiwa huwa kubwa mno katika wiki mbili za kwanza baada ya mtu kutoka kifungoni. Jambo hilo limechunguzwa katika nchi nyingi na halina ubishi. Hata hivyo hakuna aliyepanga Sudi aende wapi Ijumaa ile alasiri. Barua ilimtoa ndani vizuri sana, ikamtoa kuelekea kwenye dirisha lililofungwa. Mama hakuwa ameelezwa dalili za kuzidiwa, na naloksoni ilikuwa kituoni tu. Aliyemwokoa ni mraibu mwenzake.

*Mtungi na kete.* Mama alikuwa na haki kutaka wizi usifichwe. Wanaotetea waraibu, nami nimo, tuna tabia ya kuyaruka malalamiko ya majirani, halafu tunashangaa mwenyekiti wa mtaa anapokataa kuandika barua. Kuiba ni kosa awe ameiba mraibu au asiwe. Kosa hilo lilijibiwa, tena na mjumbe na kaka kuliko mahakama: mwenye mtungi alipata thamani ya mtungi wake. Siku za mahabusu hazikumrudishia mama hata senti. Kete yenyewe ni jambo jingine. Sioni nani alilindwa kwa Sudi kuwekwa ndani kwa ajili yake.

*Sheria yenyewe.* Sitaki ieleweke kwamba sheria haina kazi. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Hiyo ndiyo kazi ya jinai. Na Mamlaka hiyohiyo, pamoja na Wizara ya Afya, ndiyo inayosukuma kliniki za methadoni, kwa hiyo serikali imeshakubali kwa vitendo kwamba mtumiaji ni mgonjwa. Ila imekubali hivyo mchana, kliniki ikiwa wazi.

Ureno ilibadili sheria yake kuanzia Julai 2001: anayekutwa na dawa zisizozidi matumizi ya siku kumi hapelekwi mahakama ya jinai, anapelekwa mbele ya tume ndogo yenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Biashara ilibaki jinai. Mara nyingi kisa cha Ureno husimuliwa kana kwamba maandishi ya sheria ndiyo yaliyofanya kazi, wakati nchi ile ilipanua matibabu sambamba na mabadiliko hayo. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura ya kuondoa adhabu za jinai mwaka 2020, huduma zikachelewa kuwafikia watu, barabara zikajaa watumiaji, wananchi wakakasirika, na Septemba 2024 kupatikana na dawa kukarudishwa kuwa kosa. Kwa kisa cha Sudi, sheria ya Ureno ingemwondolea mahabusu. Isingemwondolea rifampisini, wala isingefungua dirisha Ijumaa alasiri.

Kwa hiyo nikiulizwa kama uraibu uendelee kuwa kosa, jibu langu ni hapana. Ila nikipewa nafasi ya kubadili kitu kimoja tu mwaka huu, nitaanza na daftari la kaunta: swali moja la lazima kwa kila anayekamatwa na kete, kama yuko kwenye dawa ya kila siku, na namba ya simu ya kliniki imeandikwa pembeni yake.

Kilichobadilika, na kilichobaki

Kliniki sasa inamwuliza kila mgonjwa dawa mpya kila wiki, na inabadilishana orodha na kituo cha kifua kikuu. Anayekosa dozi moja anapigiwa simu siku hiyohiyo. Kadi ina namba ya simu nyuma yake. Mahakama iliombwa kesi za wagonjwa wa methadoni zisikilizwe asubuhi; imekubali pale inapowezekana.

Na mkuu wa kituo cha polisi alikubali kwa mdomo kwamba mgonjwa mwenye kadi asindikizwe kunywa dozi yake hata akiwa chini ya ulinzi. Ilifanyika kwa wagonjwa wawili. Kisha akahamishwa, na kwa kuwa hapakuwa na maandishi, makubaliano yakaondoka naye. Mkuu mpya ameshaandikiwa barua ya kuomba miadi.